Kabla Hati ya Nyumba Haijatoka Kabatini

Mkutano huanza baada ya chakula cha jioni, wajukuu wakishalala. Dada mkubwa, muuza vitenge katika soko la Ngagara ambalo kila mtu huliita Cotebu, ndiye mwenye daftari. Kaka yake mwalimu ameshika bahasha ya kaki yenye picha za eksirei. Kitinda mimba yuko Ubelgiji, na sauti yake inatoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai. Mzee mwenyewe ameketi pembeni, mkono kiunoni, kama mtu aliyekuja kusikiliza habari za jirani. Kwa miezi minane alisema ni mgongo tu. Sasa daktari ameandika neno jingine: saratani ya tezi dume, nayo imefika mifupani.

Familia hii haina jina kwa sababu ni mfano. Hata hivyo, mkazi wa Ngagara hatapata taabu kuujaza mfano huu kwa majina anayoyajua. Katika mikutano ya namna hii, kabla chai haijapoa, mmoja husema lile ambalo wote walikuwa wakiliwaza: nyumba iuzwe.

Nyumba za Ngagara si nyumba tu. Mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura ulijengwa miaka ya 1950 na ofisi ya kikoloni ya makazi ya Waafrika, OCAF, na wapo wazee ambao hadi leo huuita kwa jina hilo. Karitie zake zilipewa namba, nyumba zikapangwa kwa safu, na humo wakaingia makarani, walimu na watumishi wa ofisi. Mabati yamebadilishwa, vyumba vya uani vimeongezwa na kupangishwa, lakini kwa mtu aliyestaafu au aliyekuwa akijiajiri, hati iliyofungiwa kabatini ndiyo akiba yake yote. Ndiyo pensheni, ndiyo urithi wa watoto. Mzazi akiugua ugonjwa mkubwa, ndiyo pia inayogeuka bima.

Burundi haikukosa bima kabisa. Watumishi wa serikali wana Mutuelle de la Fonction Publique, iliyoanzishwa mwaka 1980. Shida ni kwamba mlango wake ni mshahara wa serikali. Muuza vitenge hamo, fundi cherehani hamo, wala mama anayekaanga ndagala kituoni hamo. Kwa ajili ya hao, serikali ilifufua mwaka 2012 kadi ya matibabu inayojulikana kwa kifupi CAM: kaya inanunua kadi kwa faranga 3,000 kwa mwaka, kisha inalipa asilimia 20 ya gharama katika vituo vya umma na serikali inabeba 80 zilizobaki. Ni wazo jema, na kwa malaria au upasuaji mdogo limewafaa wengi. Saratani huwapeleka kwenye dirisha jingine. Dawa ikiwa haipo katika famasi ya hospitali, mgonjwa hupewa karatasi akanunue mjini, na asilimia 80 ya dawa isiyokuwepo ni sifuri.

Tangu Mei 2006, mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bure katika hospitali za umma za Burundi. Uamuzi huo uliokoa maisha, na hakuna wa kuubeza. Lakini unaacha picha ya nyumba moja ambamo mjukuu analindwa na babu yake anajitegemea.

Nchi jirani zinatofautiana. Nchini Tanzania, mtumishi aliyejiunga na mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, ameweza kuandikisha mwenzi wake na wategemezi wanne, na baba au mama wanaweza kuwa miongoni mwao. Mwaka 2023 Bunge la huko likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Pengo hili la bima si la Afrika Mashariki peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipozihoji nchi 115 na kutoa matokeo Februari 2024, ni asilimia 39 tu zilizokuwa zimeweka matibabu ya msingi ya saratani katika huduma ambazo serikali hugharimia kwa raia wote.

Wazee wa Bujumbura wana sababu nyingine ya kuogopa lango la hospitali. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch, pamoja na APRODH, shirika la haki za binadamu la hapa Burundi, lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliopona au kujifungua kisha wakazuiliwa wodini kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipia. Wengine walikaa wiki, wengine miezi, wakila chakula cha wasamaria. Miaka imepita, ila kumbukumbu hiyo haijafutika. Mzee anayesema "ni mgongo tu" huenda anajua vizuri kwamba si mgongo. Anachokwepa ni deni litakalowaangukia watoto wake.

Na kuchelewa huko ndiko kunakopandisha bei.

Chukua upande wa akina mama. Katika nchi za ukanda huu, saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zile zinazoua wanawake wengi zaidi. Kuigundua mapema hakuhitaji mashine ya mamilioni. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kwa macho: sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mara nyingi sehemu hiyo huweza kutibiwa siku ileile kwa baridi kali au kwa joto, na mama akarudi nyumbani jioni. Mwanamke huyohuyo akija baada ya miaka kumi akiwa anatokwa damu, anahitaji dawa za dripu pamoja na vipindi vya mionzi vipatavyo 25, siku tano kwa wiki, na mionzi ya ndani juu yake.

Mionzi ndiyo inayozifungisha safari familia za Bujumbura. Burundi imekaa miaka mingi bila mashine hata moja ya tiba hiyo. Si peke yake: Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa Rays of Hope Februari 2022, zaidi ya nchi 20 za Afrika zilikuwa katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo upasuaji unaweza kufanyika hapa, katika hospitali ya Kamenge au kwingine, na baadhi ya dawa zikapatikana hapa, lakini ikifika zamu ya mionzi, mgonjwa lazima avuke mpaka.

Avuke kwenda wapi? Zamani jibu la haraka lilikuwa Rwanda. Kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa Julai 2012 katika milima ya kaskazini mwa nchi hiyo, kimepokea wagonjwa kutoka Burundi na Kongo, na baadaye Kigali ikapata mashine za mionzi katika hospitali ya jeshi ya Kanombe. Kigali iko umbali wa saa chache tu kwa gari. Lakini mahusiano ya nchi hizi mbili yamekuwa yakipanda na kushuka tangu 2015, na Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Seli za saratani hazikuambiwa. Mgonjwa aliyekuwa katikati ya tiba alilazimika kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni Tanzania. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, ufukweni, katika majengo ambayo asili yake ni hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890. Kufika huko kwa basi ni kuivuka Tanzania yote, magharibi hadi mashariki, na mtu mwenye saratani iliyofika mifupani huhesabu kila shimo la barabara kwa uti wake wa mgongo. Mwanza iko karibu zaidi. Hospitali ya Bugando inatoa mionzi, na njia ya kupitia Kobero na Geita imepungua usumbufu tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba ya Ziwa Victoria. Kabla ya hapo, gari la mgonjwa lilipanga foleni ya kivuko pamoja na malori ya dagaa.

Kuna faida moja ya Tanzania ambayo haiingii katika daftari la hesabu: lugha. Mzee wa Ngagara aliyelelewa jirani na mitaa ya Waswahili ya Buyenzi na Bwiza anazungumza Kiswahili. Anaweza kumwambia muuguzi wa Mwanza maumivu yako wapi na yalianza lini, bila mkalimani. Kwa ugonjwa huu, ambao nusu ya kazi ni kueleweka, hilo ni jambo kubwa.

Sasa daftari. Dada mkubwa amechora mistari miwili. Upande wa kushoto ameandika walichonacho, upande wa kulia wanachodaiwa. Kushoto ni kufupi. Mtaji wake uliungua na soko kuu la Bujumbura Januari 2013, akaanza upya Cotebu na marobota mawili. Yumo katika kikundi cha akiba, kimojawapo cha vile ambavyo Burundi huviita nawe nuze, ambako wanachama huweka kila wiki na kukopeshana. Kulia kunaongezeka kila simu inapolia, na kuna adui ambaye hajaandikwa: dola.

Hospitali ya nje huandika bei kwa fedha ya kwao au kwa dola. Ikidai dola 1,000, mwanzoni mwa 2023 hizo zilikuwa faranga zipatazo milioni 2 kwa bei ya benki. Mei mwaka huo Benki Kuu ikashusha thamani ya faranga, na dola zilezile zikawa zaidi ya milioni 2.8. Tiba ni ileile, mgonjwa ni yuleyule, wala hakuna aliyekosea. Kwa wabadilishaji wa mtaani, ambako wengi huishia kwa sababu benki hazina dola za kuwauzia, bei baadaye ilipita maradufu ya ile rasmi. Familia iliyochanga kwa miezi mitatu inaweza kugundua kwamba imebaki palepale ilipoanzia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari haliwi "shilingi ngapi" bali "siku ngapi". Watu wengi wa kawaida hawajui kwamba linaulizika. Siku ni kitanda cha nyumba ya wageni, ni chakula cha watu wawili, ni duka la Cotebu lililofungwa. Na katika miaka ya karibuni, utafiti umezipunguza siku hizo sana. Mionzi ya titi, ambayo zamani ilichukua vipindi 25 kwa wiki tano, imeonyeshwa kufanya kazi kwa vipindi 15 kwa wiki tatu. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward ukaonyesha kuwa kwa wagonjwa wanaofaa, vipindi vitano vya wiki moja vinatosha. Kwa mifupa inayouma kama ya mzee wetu, dozi moja ya siku moja hutuliza maumivu sawasawa na mfululizo wa siku nyingi, ingawa wengine huhitaji kurudia baadaye. Si kila hospitali huanza na ratiba fupi, na si kila mgonjwa anafaa. Lakini mtoto aliyetoka Bujumbura na mzazi wake ana haki ya kuuliza, na tofauti ya siku moja na siku kumi inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kukopa na kuuza.

Swali la pili, sindano au upasuaji, ni gumu zaidi, maana linagusa heshima. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume. Hilo lilionyeshwa mwaka 1941 na Charles Huggins, daktari wa Chicago, na mwaka 1966 akatunukiwa Nobel. Ikishasambaa, msingi wa tiba ni kuizima homoni hiyo, na kuna njia mbili. Moja ni sindano, kila mwezi au kila miezi mitatu, mwaka baada ya mwaka, kwa bei ya dola. Nyingine ni upasuaji wa mara moja wa kuondoa korodani, ambao daktari mpasuaji wa hapahapa Bujumbura anaweza kuufanya. Kwa ugonjwa wenyewe, matokeo ni yaleyale. Dawa mpya huongezwa juu ya hapo kwa anayezimudu, lakini msingi haubadiliki.

Si jambo la kumwambia mzee mbele ya wakwe. Watoto wengi hawalitamki kabisa. Kwa mapenzi, wanaamua kwamba baba hatakubali, wanaanza sindano, na baada ya ya tatu au ya nne fedha inakata. Sindano iliyokatika ni hasara mara mbili: homoni inarudi, na fedha haipo tena. Wapo wazee ambao, wakielezwa kwa faragha na mtu wanayemheshimu, huchagua upasuaji bila kusita, kwa sababu wanajua nyumba ni ya nani baada yao. Wapo pia wanaokataa, na hiyo ni haki yao. Kosa ni kuwaamulia kimya kimya.

La tatu ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya yote, nalo ndilo huachwa mwisho: tiba hii inalenga nini? Kuponya kabisa, kurefusha maisha, au kutuliza maumivu? Hayo ni malengo matatu tofauti, na kila moja lina bei yake. Familia inayouza nyumba kwa ajili ya tiba yenye nafasi nzuri ya kuponya imefanya jambo ambalo hakuna wa kulilaumu. Ila kuna familia zinazouza nyumba kwa kuambiwa na dalali wa safari za matibabu kwamba "India wanaweza kila kitu". Hatari hiyo imepimwa: katika nchi nane za Kusini-Mashariki mwa Asia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa saratani zaidi ya 9,500 kwa mwaka mzima, na matokeo yakatoka 2015: asilimia 29 walikuwa wamefariki, na asilimia 48 walikuwa hai lakini sehemu kubwa ya kipato cha mwaka cha kaya zao ilikuwa imeliwa na gharama za matibabu. Hao ni watu wa nchi zenye kipato kikubwa kuliko cha Burundi.

Kuna pia mambo madogo ya kuokoa fedha ambayo hakuna anayeyatangaza. Kipande cha nyama kinachokatwa kwa ajili ya vipimo huhifadhiwa ndani ya nta, katika kikasha cha plastiki kilicho kidogo kuliko kiberiti, na namba imeandikwa ubavuni. Kipande hicho kikisafiri mkononi pamoja na vioo vyake na ripoti, hospitali ya pili inaweza kukisoma upya bila kumkata mgonjwa mara ya pili na bila kumlipisha tena. Wengi huondoka na ripoti tu, kikasha kikabaki kwenye rafu ya maabara. Na kabla ya kukata tiketi, simu ipigwe kuuliza kama mashine inafanya kazi. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya umma ya mionzi, pale Mulago. Ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa walikuta mlango umefungwa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu 400 bila malipo, na mashine mpya haikuzinduliwa Kampala hadi Januari 2018.

Vipi kuhusu michango? Warundi wanajua kuchangiana. Vijijini, mgonjwa alibebwa katika ingobyi, machela ya kienyeji, na majirani wakapokezana mabega kutoka kilimani hadi kituo cha afya. Hakuna aliyeuliza mzito ni nani. Siku hizi mabega yamehamia kwenye simu: kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya Lumicash ya kupokelea fedha inabandikwa juu, na kila mchango unatangazwa kwa jina. Nguvu yake ni kubwa. Agosti 2015, Wakenya waliombwa shilingi milioni 1 kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mwenye uvimbe kwenye ubongo, na katika muda mfupi sana wakatoa mara kadhaa ya kiasi hicho.

Lakini yule alikuwa kijana, na hadithi yake iliandikwa na mwandishi mashuhuri. Mzee wa miaka 74 wa karitie ya sita hatasambaa mitandaoni. Watakaomchangia ni wale waliompenda: waumini wa parokia au msikiti wake, wanafunzi wake wa zamani, wapangaji, jamaa wa Ubelgiji na Kanada. Nao watachanga kwa moyo mara ya kwanza, mara ya pili kwa aibu, na mara ya tatu simu hazitapokelewa. Wanaofanya vizuri ni wale wanaoomba kidogo kila mwezi kwa mwaka mmoja, badala ya kikubwa kwa siku moja, kwa sababu saratani nayo hutoza kila mwezi.

Na yapo maumivu, ambayo hayasubiri mchango ukamilike. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya kunywa hutengenezwa kwa kuchanganya unga na maji, ikatiwa kwenye chupa na kupelekwa hadi nyumbani kwa mgonjwa. Ni dawa ya bei ndogo mno. Uganda ikaenda mbali zaidi, ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, na ikaitoa bure. Mzazi ambaye hatapona bado anaweza kulala usiku kucha. Kuliulizia hilo si kukata tamaa, na daktari asiyelitaja aulizwe.

Sebuleni Ngagara, chai imepoa. Kitinda mimba amesema atatuma yuro mwisho wa mwezi. Mwalimu ameandika maswali matatu nyuma ya bahasha. Hati bado iko kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwa mwenyewe, ambaye hadi sasa hakuna aliyemuuliza neno.

"Mama Keza," anamwita binti yake kwa jina la mwanawe, kama anavyomwita siku zote. "Huko Mwanza nitalala siku ngapi?"

Binti anafungua ukurasa mpya wa daftari. Anamgeuzia kiti ili watazamane.

"Hatujauliza, Baba," anasema. "Kesho asubuhi tunapiga simu. Wewe ungependa ziwe ngapi?"